UZI: Mzee kaacha kunywa maji sababu ya tezi dume, na usiku bado halali

#1 Mjukuu wa Nahodha (Lamu)
Assalam aleikum wanajamvi.

Nina jambo la baba yangu. Ana miaka 71, tuko Langoni. Zamani alikuwa nahodha, siku hizi kazi yake ni msikiti, baraza na kutukosoa sisi. Mwaka jana aliambiwa hospitali kwamba tezi dume imekua, si saratani, akapewa tarehe ya kurudi. Hakurudi. Kajitibu mwenyewe kwa kuacha maji. Anapiga funda la kumezea vidonge vya presha, basi. Ukimuuliza anasema, "Kisichoingia hakitoki."

Lakini kinatoka. Usiku anaamka mara nne, mara tano. Yeye analala juu, choo kiko chini, na ngazi za nyumba zetu za kale mnazijua zilivyo: nyembamba, zimesimama, giza totoro. Juzi kateleza. Mola kamstahi, kaumia goti tu. Mchana anakwenda msalani kila mara, anatoa kidogo, rangi yake kama chai ya rangi, na anasema unamchoma. Nikimwambia anywe maji ananijibu kwamba mimi si daktari. Ni kweli, mimi nauza simu.

Naomba mwenye ujuzi aniambie: mtu mwenye tezi dume apunguze maji au asipunguze? Na kama ni kupunguza, kwa kiasi gani, na joto hili la kaskazi?

#2 Pweza Mkavu
Waaleikum salaam. Huyo mzee si wako peke yako, kila nyumba ina wake. Ami yangu hata harusi ya Shela hakwenda kwa sababu ya kuogopa kukaa botini. Safari yenyewe haijazidi nusu saa! Nimeweka mkeka, nasubiri wenye elimu.

#3 Babu wa Mkomani
Wanangu, mimi yalinipata hayo hayo. Siku moya nalikuwa nimeketi barazani na wenzangu, mkojo ukanishika, nikainuka mbio, hata mlango wa nyumbani sikuufikia. Tangu siku hiyo nikawa siwezi kukaa na watu. Mtu asiwacheke wazee. Aibu yake ni kubwa kuliko maradhi yenyewe, na ndiyo huwafanya waache maji. Mwambie babako kwamba tuko wengi.

#4 Nesi Mstaafu (Malindi)
Mwanangu Mjukuu wa Nahodha, shikamoo zangu mfikishie mzee. Nilifanya kazi wodi ya wanaume miaka mingi, hawa ndio walikuwa wateja wangu.

Tezi dume iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Mwanamume akivuka miaka 40 hivi inaanza kukua taratibu, na wakifika miaka 60 karibu nusu yao ile tezi imeshakua, wakivuka 80 ni wengi mno. Ikikua inaubana mrija. Kibofu nacho kinalazimika kusukuma kwa nguvu, na kwa miaka kinakuwa na ukuta mnene, chenye hasira, kinachotaka kujikamua hata kabla hakijajaa. Kwa hiyo mzee ana mambo mawili: njia imebana, na kibofu kimekuwa kikorofi. Kuacha maji hakugusi la kwanza hata kidogo, na la pili kunalizidisha, kwa sababu mkojo mzito unakikereketa kibofu. Anakojoa kidogo kidogo kwa sababu kibofu kinakereka, yeye anadhani ni maji yamezidi, anapunguza tena. Juu ya hapo anajikaribisha mawe ya figo, choo kigumu na maambukizi. Na choo kigumu, mwanangu, kinakaa nyuma ya kibofu na kukisukuma. Wazee wengi nimewaona mkojo umekuwa mwepesi baada ya tumbo kufunguka tu.

Kwa hiyo asiache maji. Mtu mzima wa kawaida aende kwenye lita moja na nusu hadi lita mbili kwa siku, chai na uji na mchuzi vyote vihesabiwe. Anayeshinda juani huko Amu, yaani Lamu, anahitaji zaidi. Kipimo rahisi ni rangi: mkojo uwe wa manjano ya kufifia. Ukiwa kama chai ya rangi, mwili unalia kiu. Hapa namtoa mwenye ugonjwa wa moyo au figo ambaye daktari wake kampangia kiasi chake. Huyo afuate alichoambiwa.

Cha kubadilisha ni saa. Mwambie mzee apange maji kwa swala, ni rahisi kukumbuka. Baada ya Alfajiri glasi mbili. Kati ya hapo na Alasiri anywe sehemu kubwa ya maji yake, kidogo kidogo, asijaze tumbo kwa mkupuo. Magharibi anywe kidogo na chakula. Baada ya Isha afunge duka, abaki na funda la dawa. Akilala saa nne usiku, hapo kibofu kimepata saa mbili na zaidi za kumaliza kazi.

Lile la kuchoma lisikae. Apime mkojo wiki hii, inaweza kuwa maambukizi, na hilo haliponi kwa kubadilisha saa za maji. Apimwe na sukari pia. Kisukari kinakojoza usiku na watu wanaisingizia tezi.

Na shika haya ya kukimbilia hospitali bila kungoja asubuhi: mkojo kugoma kabisa huku tumbo la chini limejaa na linauma, damu kwenye mkojo, homa na kutetemeka. Kuna jingine la hila: mzee anayelowesha kitanda usiku, hasikii maumivu, na tumbo la chini limevimba. Huyo kibofu kimejaa hadi kinafurika, na figo zinaharibika kimyakimya.

#5 Mjukuu wa Nahodha (Lamu)
Bi Nesi, Allah akuzidishie. Nimemsomea mzee. Kasikiliza hadi mwisho, jambo geni kwake. Halafu kauliza: "Na kahawa?"

Hapo ndipo nilipogundua kitu. Mzee haachi kunywa. Anaacha *maji*. Baada ya Isha anashuka baraza la ufukweni, muuza kahawa anapita na dele lake, na vile vikombe vidogo kwake si kinywaji, ni mazungumzo. Kahawa tungu, kisha tangawizi, kisha kahawa tena. Akirudi nyumbani anakata tikiti maji kwa sababu koo limekauka.

#6 Pweza Mkavu
Hahahaaa! Kisichoingia hakitoki, ila kahawa inapita kwa mlango wa nyuma.

#7 Nesi Mstaafu (Malindi)
Nimecheka hadi mjukuu wangu kaja kuniuliza nina nini.

Kahawa ina kafeini, na kafeini inamchochea mtu mara mbili: inaongeza mkojo na inakiudhi kibofu. Haitoki mwilini haraka. Baada ya saa tano hivi nusu yake ingali damuni. Kahawa ya saa tatu usiku bado inafanya kazi saa nane. Chai ya rangi nayo ina kafeini, na soda nyingi nyeusi. Tangawizi tupu haina, lakini ni maji, na tikiti ni maji yenye ganda. Madafu pia, kwa wale wanaoyahesabu kama dawa.

Simwambii mzee aache baraza, baraza ndilo linalomweka mjini. Kahawa aihamishie asubuhi na baada ya Adhuhuri. Usiku ashike kikombe kimoja cha tangawizi akizungushe mkononi hadi kipoe. Wenzake hawatajua.

Kabla hamjabadilisha chochote, fanyeni hili: tafuteni jagi lenye alama za mililita, la kupikia linatosha. Kwa siku tatu kila anapokojoa apime, aandike saa na kiasi, na aandike alichokunywa na saa. Daktari yeyote wa njia ya mkojo ataanza kwa kumuuliza hayo, na karatasi ile inasema kuliko maneno yetu sote humu.

#8 Asilia Tiba Bora
TEZI DUME SASA BASI!!! Mchanganyiko wa mizizi 7 na habasoda, siku 21 tezi inarudi kama ya kijana. Hakuna upasuaji. Tunatuma hadi Lamu, Faza, Kiunga. Njoo inbox.

#9 Mpima Dozi (famasia, Mokowe)
Ndugu yangu wa mizizi, tuambie gramu ngapi za nini zimo humo, kisha tuzungumze. Dawa isiyo na jina wala kipimo, mgonjwa wa presha na figo anaimezaje?

Kwa faida ya wasomaji. Kuna mti mmoja ambao si porojo, jina lake la kisayansi ni Prunus africana, Wakikuyu wanauita muiri. Unaota nyanda za juu, hapa Pwani huupati. Ganda lake limetumika Ulaya kwa tatizo hili kwa miaka mingi, na tafiti zilizokusanywa pamoja zilionyesha nafuu ya kiasi, ila nyingi zilikuwa ndogo na za muda mfupi. Watu waliuchuna hadi biashara yake ikawekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1995. Kisha kuna vidonge vya mti mdogo wa Marekani wa jamii ya mnazi, uitwao saw palmetto, ambavyo watu hutumiwa na jamaa zao walioko ng'ambo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2006 ulivilinganisha na vidonge vitupu visivyo na dawa ndani, havikufua dafu. Mwaka 2011 wakajaribu hata dozi mara tatu, ni yale yale.

Mimi nauza dawa, ningependa viwe kweli, vina faida nzuri.

#10 Asilia Tiba Bora
Nyinyi wa famasia mnaogopa kukosa wateja. Mjomba wangu kapona kwa dawa hii na yuko hai shahidi.

#11 Nesi Mstaafu (Malindi)
Mjomba wako Mungu amzidishie afya. Dalili za tezi dume hupanda na kushuka zenyewe, mwezi huu mbaya, mwezi ujao afadhali. Katika tafiti, hata wanaopewa vidonge vitupu wengi husema wamepata nafuu. Ndiyo maana ushahidi wa mjomba mmoja hautoshi.

#12 Mpima Dozi (famasia, Mokowe)
Nikiwa bado hapa, wazee wasikilize hili maana nalikuta dukani kila msimu wa mafua. Dawa za mafua zinazofungua pua, zenye pseudoephedrine, zinaibana njia ya mkojo. Zile za mzio za zamani, kama Piriton, zinakilegeza kibofu kisisukume. Mzee mwenye tezi iliyokua anameza vidonge vya mafua jioni, usiku wa manane mkojo umegoma, anabebwa botini kwenda kuwekewa mpira wa kutoa mkojo. Ukienda dukani sema mapema, "Nina tezi dume." Mfamasia hatashangaa.

#13 Kijana wa Shela
Samahanini wakubwa, naingilia. Mimi nina miaka 34, naendesha boti za wageni. Nikila muguka jioni, mkojo unakataa. Nasimama dakika nzima, unakuja uzi mwembamba. Siku nisipokula, sawa kabisa. Hii ni tezi dume?

#14 Mpima Dozi (famasia, Mokowe)
Umejijibu mwenyewe, ndugu. Miraa na muguka vina kemikali iitwayo kathinoni, inayofanya kazi kwa njia inayofanana na ile ya dawa za kufungua pua: misuli ya shingo ya kibofu inajikaza. Watafiti nchini Yemeni walilipima jambo hili mwaka 1995 kwa wanaume wenye afya, wasio na tezi wala nini, na kasi ya mkojo ilishuka walipotafuna. Walipopewa kwanza dawa ya kulegeza misuli hiyo, athari ikapungua. Kijana wa miaka 34 anasimama dakika moja. Mzee wa miaka 70 mwenye tezi, akitafuna na kushushia soda usiku kucha, anaweza kuziba kabisa.

#15 Kijana wa Shela
Sawa mkubwa. Nimekusoma.

#16 Mjukuu wa Nahodha (Lamu)
Nimerudi na karatasi. Mwanzoni mzee aligoma, "nipime mkojo kama muuza maziwa?" Mama ndiye aliyemshinda. Sasa kageuka, anaandika kama alivyokuwa akiandika safari za jahazi, kaweka na hali ya upepo.

Kwa wastani kwa siku nzima anatoa kama lita moja na robo. Mchana, kuanzia baada ya ule wa Alfajiri hadi anapolala, ni kama mililita 550. Usiku, pamoja na ule wa kuamkia, ni kama 700. Kila mara ni 120, 150 hivi. Alichokunywa mchana ni aibu kukitaja.

Kitu kingine: vifundo vya miguu vimevimba jioni, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Asubuhi vimenyauka. Na vidonge vya presha anameza vyote usiku kabla ya kulala, kuna kimoja kinaitwa amlodipine na kingine hydrochlorothiazide.

#17 Nesi Mstaafu (Malindi)
Mwanangu, karatasi hii ni dhahabu. Tazama. Kwa mtu wa umri wake, mkojo wa usiku ukizidi theluthi moja ya mkojo wa siku nzima, basi usiku wenyewe una tatizo lake. Mzee wako kavuka nusu. Tezi dume haitengenezi mkojo. Inaweza kuuzuia au kuusumbua, lakini hizo mililita 700 zimetoka figoni.

Zimetokeaje? Mchana maji yanashuka miguuni yanakaa pale, ndio uvimbe. Akilala, miguu inakuwa sawa na moyo, maji yanarudi kwenye damu, figo zinayatoa. Amlodipine inajulikana kwa kuvimbisha vifundo. Hydrochlorothiazide ni dawa ya kutoa maji mwilini, na yeye anaimeza saa ya kulala! Ni kama kufungua bomba ukazima taa. Ongeza kahawa ya baraza na tikiti.

Sasa sikiliza vizuri: asiache dawa hata moja ya presha, wala msizigeuze saa wenyewe. Aende hospitali ya King Fahd na karatasi hii na makasha ya dawa mkononi, aulize kama hiyo ya kutoa maji inaweza kuhamia asubuhi, na kama ile ya kuvimbisha ina mbadala. Daktari atazame na moyo na figo, uvimbe wa miguu si wa kupuuza. Wakati huohuo, baada ya Alasiri alale chali kwa saa moja hivi, miguu juu ya mito. Maji yarudi mapema, ayakojoe kabla ya Isha. Chumvi nayo ipungue, samaki wa chumvi na achari visubiri.

Na ngazi! Tafuta kopo lenye mdomo mpana na kifuniko, liwe karibu na kitanda, pamoja na taa ndogo. Akiamka akae kwanza ukingoni dakika moja kabla ya kusimama. Wazee wengi waliovunjika nyonga niliowauguza walikuwa njiani kwenda chooni.

#18 Babu wa Mkomani
Hilo la kopo mimi nalitumia. Mke wangu alisema nini! Sasa ndiye anayelisuuza kila asubuhi kabla sijainuka.

#19 Mwanafunzi wa Madrasa
Assalam aleikum. Nawauliza kuhusu twahara. Kuna mzee wetu anamaliza kukojoa, anastanji, anatoka, akiinama kwenye rukuu tone linashuka. Anarudia udhu hadi jamaa inampita. Ana hamu ya kujua kama kuna njia ya kitabibu, na pia kuhusu funga.

#20 Nesi Mstaafu (Malindi)
La kitabibu nitalisema, la fiqhi nawaachia masheikh.

Lile tone halitoki kibofuni, limebaki kwenye kona ya mrija nyuma ya korodani. Akimaliza asubiri kidogo, kisha aweke vidole nyuma ya korodani na kusukuma taratibu mbele na juu, kufuata mrija hadi kwenye uume, mara mbili tatu, bila kukamua kwa nguvu. Litatoka pale pale chooni. Istibra ya wazee wetu, yaani kutoa mkojo uliobaki, ndiyo hiyo hiyo, imekosa tu kuelekezwa pa kubonyeza.

Na asisimame. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, mwaka 2014 walikusanya tafiti 11 kuhusu mkao. Kwa wanaume wenye afya haukuleta tofauti, ila kwa wenye dalili za tezi, kukaa kuliacha mkojo mchache zaidi kibofuni, tofauti ya kama mililita 25. Kisha akimaliza asiinuke, apumzike nusu dakika, ajaribu tena. Mara nyingi kuna duru ya pili. Asijikamue kwa kubana tumbo.

#21 Ustadh wa Ufukweni
Kwa fiqhi ya madhehebu yetu ya Shafii: tone linaloshuka mara moja moja na kukatika ni la istibra, kama Bi Nesi alivyoeleza. Ama mtu ambaye mkojo haukatiki, yaani salasul-bauli, huyo ana udhuru. Wakati wa swala ukishaingia anajisafisha, anajifunga kitambaa, anatawadha na kuswali bila kuchelewesha. Kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru swala ile. Kila faradhi udhu wake. Dini haikumtaka mzee akae na kiu ili apate udhu wa kudumu. Wengi wanajitesa kwa kutouliza.

Kuhusu Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa yake, na daktari mwaminifu ndiye wa kumwambia kama funga itamdhuru.

#22 Nesi Mstaafu (Malindi)
Na anayefunga kwa idhini ya daktari, shida yake ni kwamba maji yote yanaingia usiku. Asimimine lita nzima ya juisi ya ukwaju kwenye futari. Agawe: kidogo kwenye futari, kidogo baada ya tarawehe, kiasi cha kutosha kwenye daku, maana cha daku atakikojoa mchana. Kahawa ya daku aiache. Na kama anatumia dawa ya tezi, apange saa zake na daktari kabla mwezi haujaandama.

#23 Mpenda Mabasi
Mimi swali langu ni la dunia. Basi la Mokowe hadi Mombasa, Witu, Garsen, Malindi, hadi ufike umekauka. Baba yangu anasafiri bila kunywa tone tangu jana yake.

#24 Pweza Mkavu
Mkalishe kiti cha pembeni ya njia, na umtoe haya na kondakta kabla basi halijang'oa. Mwambie, "Mzee wangu ana tezi, tutasimama." Sijaona kondakta aliyekataa. Abiria wenyewe wanashuka nyuma yake wakimshukuru.

#25 Nesi Mstaafu (Malindi)
Na anywe, ila kwa mafunda madogo. Asiianze safari na kahawa. Akojoe mara mbili kabla ya kupanda. Kibofu pia kinafundishika: nyumbani, haja ikimbana na ndiyo kwanza katoka msalani, asikimbilie. Akae, akaze misuli ya chini kama anayezuia upepo, asome uradi au ahesabu kinyumenyume, ile hamu itapita. Leo aongeze dakika tano, wiki ijayo kumi. Anayekwenda "kwa tahadhari tu" kila nusu saa anakizoesha kibofu kuwa kidogo.

Haya mambo madogo msiyadharau. London waliyajaribu, wakachapisha mwaka 2007: wanaume 140, nusu yao waliongezewa mafunzo ya vikundi vidogo, ndiyo haya haya ya maji, kafeini, kukojoa mara mbili na kuzoeza kibofu. Baada ya miezi mitatu, waliokwama wakahitaji matibabu zaidi walikuwa asilimia 10 kwa waliofundishwa, na asilimia 42 kwa wengine. Kikundi kidogo cha wazee wanaozungumza juu ya kibofu, sisi tunaliita baraza.

#26 Mjukuu wa Nahodha (Lamu)
Taarifa. Mzee alikwenda hospitali. Mkojo ulikuwa na maambukizi, kapewa dawa, kuchoma kumeisha. Damu wamepima, figo ziko sawa, sukari iko sawa, PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, daktari kasema haimtii wasiwasi. Dawa ya kutoa maji imehamia asubuhi. Ile ya kuvimbisha wameibadilisha. Kaandikiwa tamsulosin ya miligramu 0.4, ameze baada ya chakula kile kile kila siku, na kaonywa juu ya kizunguzungu akiinuka ghafla.

Sasa anaamka mara moja, siku nyingine mbili. Maji anakunywa mchana, huku akinitazama kama mimi ndiye niliyeshindwa. Kahawa ya usiku kaacha, ila tikiti bado tunagombana.

#27 Mpima Dozi (famasia, Mokowe)
Alhamdulillahi. Mwambie tamsulosin inalegeza misuli tu, tezi haipungui, kwa hiyo akiona nafuu asiitupe. Ya kupunguza tezi yenyewe ni nyingine, finasteride, inachukua hadi miezi sita kuonyesha kazi, na hushusha kipimo cha PSA kwa karibu nusu. Anayeitumia amwambie kila daktari anayempima. Na atembee. Utafiti wa Marekani wa 1998 uliwakuta wanaume wanaotembea saa mbili hadi tatu kwa wiki wakiwa na hatari pungufu kwa asilimia 25. Kwa mji usio na magari kama Amu, ni kutoka barazani tu.

#28 Mama wa Matondoni
Nimesoma uzi wote kimya. Mume wangu yuko kwenye tamsulosin mwaka wa pili, na mwezi ujao anatolewa mtoto wa jicho. Nimeambiwa aiache hiyo dawa wiki moja kabla. Ni kweli?

#29 Mpima Dozi (famasia, Mokowe)
Mama, asiiache kwa kuambiwa na jirani. Ukweli ni kwamba tamsulosin inaulegeza utando wa rangi unaoizunguka mboni ya jicho, na wakati wa upasuaji utando huo unaweza kupwayapwaya na kujikunja. Madaktari wa macho walilieleza hilo mwaka 2005, na siku hizi wanajua kujiandaa nalo. Kuiacha siku chache kabla hakuondoi athari hiyo, na mkojo unaweza kuziba akiwa njiani. La muhimu ni daktari wa macho ajue kabla ya siku ya upasuaji. Chukua kasha lenyewe la dawa, uende nalo kliniki ya macho, umwonyeshe kwa mkono wako.

#30 Mama wa Matondoni
Shukran sana mwanangu. Nalitia kwenye mkoba sasa hivi, pamoja na ile karatasi ya presha.